Uhuru wa mwanamuziki huanzia daftarini

Msafiri anayetoka Ruiru kuelekea Juja kwa barabara kuu ya Thika hufika Mugutha kabla matatu haijamaliza wimbo wa tatu, iwapo hakuna msongamano wa magari. Pande hizi za Ruiru kwa miaka mingi zilisifika kwa kahawa, hata aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11 kwa heshima ya mji huu ulio na kituo cha utafiti wa zao hilo. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja, viwanja vimejengwa nyumba za kupanga, na ndani ya vyumba hivyo vijana wetu wanalima zao jingine kabisa. Wanatunga nyimbo.

Studio ya kijana wa Mugutha haina mlango mzito wala kioo kinene. Ni chumba kimoja chenye kitanda, kompyuta ya mkononi, kipaza sauti kilichonunuliwa kwa mkopo na godoro lililosimamishwa ukutani ili lizuie mwangwi. Humo ndimo mtunzi, mwimbaji, mpiga ala, fundi wa sauti na mwuzaji wanamokutana, na mara nyingi wote hao ni mtu mmoja. Hana kampuni inayomwamuru, hana mfadhili anayemchagulia maneno. Ndiyo maana hujiita msanii huru.

Makala haya yanauliza swali moja: je, uhuru huo ni wa kweli? Nimelazimika kuuliza kwa sababu ya mgeni aliyenijia ofisini, mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi huko Mugutha. Alikuwa ametunga maneno ya wimbo. Rafiki yake akatengeneza mdundo, au biti kama vijana wanavyouita, na mwenzao wa tatu akaimba kiitikio. Wimbo ukapelekwa mtandaoni kwa jina la mmoja wao tu. Ulipoanza kupendwa, na visenti vya kwanza vilipoanza kuingia, urafiki wa miaka minne ulivunjika kwa wiki moja.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ni mtaalamu wa lugha. Huwezi kuusoma huu wimbo ukathibitisha kwamba maneno ni yangu?"

Nilimwomba rasimu. Hakuwa nazo. Maneno aliyaandika kwenye simu, kila alipobadilisha mstari akafuta ule wa awali, kisha simu yenyewe ikaibwa. Nilimwomba ujumbe wowote aliowahi kuwatumia wenzake kuhusu mgawanyo wa kazi. Haukuwapo, kwani walikuwa wakikutana chumbani na kuelewana kwa mdomo. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mtindo wa maneno unafanana na insha alizokuwa akiniandikia zamani. Huo ni ushahidi wa kumfariji mtu. Mbele ya hakimu hauna uzito mkubwa. Alipoondoka nilikumbuka methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameiandikia insha angalau mara moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana huyu aliipata alama nzuri insha yake. Hakuna aliyemfundisha kwamba wimbo ni mali na kwamba rasimu ni daftari.

Jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakagawanywa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi ya jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza mfumo wetu wa elimu umeiweka sanaa bega kwa bega na fizikia na historia. Kwa hiyo mwalimu wa muziki na mwalimu wa lugha wanatakiwa kujibu swali lililoachiwa kipaji kwa muda mrefu: wimbo hutengenezwaje?

Wengi huamini kwamba wimbo humshukia mtu kama ndoto. Wanaokaa karibu na watunzi wanajua ni kazi ya mikono na masikio, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya lugha. Katika chumba cha Mugutha mambo huanza kwa mdundo. Kijana hupewa mdundo uliokwisha kukamilika, akausikiliza mara ishirini, akaanza kuimba sauti zisizo na maneno ili apate mkondo wa lahani. Kisha hutafuta maneno ya kujaza mkondo huo. Maneno, ambayo kwa mshairi wa jadi yalikuwa mbegu, hapa huja mwisho kama mchanga unaomiminwa katika chupa.

Njia hii si dhambi, wala si ngeni duniani. Ila ina gharama zake, na gharama ya kwanza huonekana katika mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Chukua neno barabara. Likitamkwa kwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa, bila kasoro. Herufi ni zile zile, na sikio peke yake ndilo linalozitenganisha. Mtunzi anayeuacha mdundo upige silabi yoyote ile anaweza kumwambia msikilizaji jambo ambalo hakulikusudia, au akamwacha akijiuliza mbona Kiswahili hiki kinasikika kama cha mgeni. Kwa anayetunga kwa Kikuyu, lugha ya wengi katika eneo hili, mtihani ni mgumu zaidi. Kikuyu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Lahani inayopuuza toni humlazimisha msikilizaji kukisia.

Gharama ya pili ni vina vya bure. Vitenzi vyetu vingi vyenye asili ya Kibantu huishia kwa irabu a. Mtunzi akiweka kitenzi mwishoni mwa kila mstari, irabu zitalingana bila yeye kutoa hata tone la jasho. Mshairi wa mwambao hakuridhika na irabu peke yake. Alitafuta silabi nzima zilinganishwe, katikati ya mshororo na mwishoni, na kila mshororo ukatwe vipande viwili vya mizani minane minane. Sisemi kijana wa Mugutha atunge shairi la Mvita. Nasema kwamba mtu hawezi kukikataa kina rahisi kama hajakiona kimeandikwa mbele yake na vingine vitatu chini yake. Rasimu ndiyo inayomwonyesha kwamba alikuwa na njia nyingine.

Historia yetu ya muziki ina mengi ya kutufundisha hapa. Mombasa, sauti ya Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ilipendwa kote katika pwani ya Waswahili. Nyingi ya nyimbo zake zilikuwa mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga aliyechapisha diwani ya Malenga wa Mvita mwaka 1971. Mashabiki wa taarab walijua nani ametunga maneno na nani anayeimba, na kila mmoja aliheshimiwa kwa lake. Shairi lilikuwapo kwenye karatasi kabla ya fidla kuguswa. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi kwa sababu kazi ya kwanza ilikuwa na umbo lake inayoonekana kwa macho.

Linganisha na hatima ya wimbo wa Malaika, ambao labda ndio wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali kuliko yote. Fadhili William aliurekodi jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni, na mwaka 1981 kundi la Boney M. nalo likaurekodi. Lakini nani aliutunga? Fadhili William alisema ni wake. Wengine walimtaja Adam Salim wa Tanzania, na yapo madai mengine pia. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Wimbo unaojulikana na mamilioni ya watu hauna cheti cha kuzaliwa ambacho kila mtu anakikubali.

Karibu zaidi na nyumbani tunaye Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018. Kamaru alitunga kwa Kikuyu kilichojaa methali na mafumbo, na nyimbo zake ziliwagusa wakubwa kwa wadogo. Walimu wenzangu wanaukumbuka wimbo wake kuhusu mwalimu na mwanafunzi wake wa kike, uliokiudhi chama cha KNUT hata kikatishia mgomo. Mwaka 1975, J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru aliimba kulaani mauaji hayo wakati ambapo kulia hadharani kulihitaji ujasiri. Je, aliwezaje kuthubutu? Sababu zipo nyingi, mojawapo ikiwa tabia yake mwenyewe. Lakini tusisahau kwamba alikuwa na duka lake la muziki na lebo yake jijini Nairobi, City Sounds. Aliimiliki kazi yake kuanzia kinywani mwake hadi kwenye kaunta ya mwuzaji.

Umiliki huo umezaa matunda baada ya kifo chake. Mjukuu wake, anayeitwa pia Joseph Kamaru na kujulikana katika muziki wa kielektroniki kwa jina la KMRU, amekuwa akizisafisha rekodi za babu yake na kuzitoa upya mtandaoni. Kazi hiyo inawezekana kwa kuwa kulikuwa na kitu kilichohifadhiwa, na ilijulikana ni cha nani. Nyimbo ngapi za wenzake wa wakati ule zimepotea na majina ya watunzi wake?

Najua pingamizi nitakayoletewa. Wapo watakaosema kwamba Mwafrika alitunga kwa kinywa, na kwamba daftari ni mazoea ya darasani yanayoua uhai wa wimbo. Hoja hii ina sura nzuri, lakini inausahau utamaduni wenyewe inaoutetea. Wazee wa Kikuyu walikuwa na gicandi, utanzu wa majibizano ya mafumbo ulioghanwa na manju aliyeshika kibuyu cha kayamba. Kibuyu hicho kilichorwa alama, na manju alizifuata katika kughani kwake. Basi hata fasihi simulizi ya nchi hii iliwahi kuwa na maandishi ya aina yake. Isitoshe, mtunzi wa kijijini alikuwa na shahidi asiyeibiwa kama simu: kijiji kizima. Wimbo ulipoanza kuimbwa kwenye ngoma, watu walijua umetoka kwa nani na ulitungwa mwaka upi wa njaa au wa mavuno. Katika nyumba za kupanga za Mugutha, ambako jirani hujui jina lake, shahidi huyo hayupo. Ni lazima atafutwe mwingine.

Sheria yetu inaelewa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatenganisha vitu vitatu ambavyo vijana huvichanganya. Maneno ya wimbo ni kazi ya fasihi. Muziki wenyewe ni kazi nyingine. Rekodi ya sauti ni ya tatu. Kila moja inaweza kuwa na mwenyewe tofauti. Haki ya mtunzi wa maneno au wa muziki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena haki hiyo haingojei kusajiliwa: huzaliwa pale kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika, iwe kwa kuandikwa au kwa kurekodiwa. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husaidia kuthibitisha, lakini haki yenyewe imekwisha kuwapo. Kwa lugha nyepesi, sheria yenyewe inauliza: umeiweka wapi?

Tuchukue mfano wa wimbo anaousikia mpigaji simu akingoja kujibiwa. Wasanii walilalamika kwa miaka mingi kwamba fedha za nyimbo hizo ziliishia mikononi mwa wengine. Bunge likairekebisha sheria mwaka 2022, likaweka wazi kwamba mwenye haki apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato, kampuni ya simu asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Huo ni ushindi unaostahili kusifiwa. Lakini msomaji aliyenifuata mpaka hapa tayari ameiona kasoro. Asilimia 52 ni ya mwenye haki. Watu watatu waliokaa chumba kimoja wakija kila mmoja akidai ndiye mwenye haki, na hakuna hata karatasi moja, Bunge haliwezi kuwagawia.

Hapa ndipo ninapofikia jibu la swali langu. Kijana wa Mugutha amejikomboa kutoka kwa mwenye studio, naye mwenye studio alikuwa bwana mkali katika zama za sahani za santuri. Hilo tusilidharau. Lakini mwenye studio, pamoja na ukali wake, alikuwa na mikataba, tarehe na kumbukumbu, hata kama aliziandika kwa faida yake mwenyewe. Msanii huru ameurithi mzigo huo wa kumbukumbu pamoja na uhuru wake, na hakuna aliyemwambia. Asipoubeba, uhuru wake utadumu hadi siku ile wimbo utakapoanza kuleta fedha.

Nisieleweke vibaya. Daftari haliwezi kuponya kila ugonjwa. Vyama vya kukusanya mirabaha vimelalamikiwa kwa miaka mingi, na malipo ya kusikilizwa mtandaoni ni haba kwa asiye na wasikilizaji wengi mno. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 40 inaitaka dola iunge mkono, ikuze na kulinda haki za ubunifu za wananchi, na dola isisingizie uzembe wa msanii ili ikwepe wajibu wake. Hata hivyo, anayedai haki yake kwa dola ni lazima kwanza aweze kuonyesha kwamba kitu ni chake.

Nini kifanyike? Kwanza, shule zifundishe utunzi kama mchakato. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mwanzo wake ni mwaka 1927, limetulelea waimbaji hodari wa nyimbo zilizotungwa na wengine, na lina nafasi pia ya tungo mpya. Lakini mara ngapi mwanafunzi ameulizwa aonyeshe rasimu ya kwanza, ya pili na ya tatu ya wimbo wake, na aeleze kwa nini mstari fulani aliufuta? Mtaala wa umilisi unasema unapima hatua pamoja na matokeo. Basi mwalimu wa mkondo wa sanaa na atoe alama kwa daftari la utunzi, sawa na mwalimu wa kemia anavyotoa alama kwa kumbukumbu za maabara.

Pili, mwalimu wa Kiswahili asiuone wimbo wa vijana kama uchafu wa lugha. Auingize darasani, Sheng na yote, awaulize wanafunzi: mkazo umeangukia wapi? Kina hiki kimepatikana kwa jasho au kwa bure? Neno hili litaeleweka baada ya miaka kumi? Maswali hayo yatawafundisha mofolojia na fonolojia kwa haraka kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu sisi wanaisimu.

Tatu, na hili nawaambia wanafunzi wenyewe. Kabla hamjatoka katika chumba mlichorekodia, chukueni karatasi moja. Andikeni jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani ametengeneza mdundo, nani ameimba, na kila mmoja atapata sehemu gani. Tieni sahihi wote na kila mtu apige picha karatasi hiyo. Asiyependa kalamu na arekodi rasimu zake kwa sauti, azitaje tarehe, azihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Msione haya kuwaambia marafiki kwamba mnataka maandishi. Mapatano yaliyoandikwa siku ya furaha hayamtukani mtu, na huenda yakauokoa urafiki siku ya fedha.

Yule kijana alinirudia miezi michache baadaye. Ule wimbo wa kwanza hakuupata. Kesi ingemgharimu kuliko wimbo wenyewe. Lakini alikuja na daftari la kurasa 96 lenye jalada la buluu, la aina ile wanayonunua watoto wa shule. Ndani yake mlikuwa na wimbo mpya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari kumi na miwili, minane kati yake imekatwa. Katika ukurasa wa nne ule mstari wa kiitikio, ambao mwanzoni ulikuwa wa kawaida tu, ulikuwa umegeuka kuwa mstari ambao ningejivunia kuutunga mimi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina matatu na sahihi tatu.

Nilimuuliza ni nani hao wawili wengine. Akacheka, akaniambia ni wale wale.